Kilele Kisicho na Ukomo

Mwaka 1936 kebo moja ya koaksia ilitandazwa kati ya New York na Philadelphia kwa majaribio ya kubeba mazungumzo 240 ya simu kwa wakati mmoja. Kila mazungumzo yalipandishwa kwenye masafa yake, yakapangwa juu ya mengine bila kugongana, kisha yote yakapita ndani ya amplifaya zilezile njia nzima. Hapo likazuka swali gumu: amplifaya hizo ziwe na uwezo kiasi gani? Mtu mmoja akipaza sauti kwenye simu, kilele chake kinapimika. Lakini watu 240 wasiojuana, mmoja ananong'ona, mwingine anafoka, wa tatu amenyamaza akimsikiliza mwenzake, jumla yao ina kilele gani? Mhandisi akidhani wote watafoka kwa mpigo, atajenga amplifaya kubwa na ghali ambayo itazeeka ikisubiri jambo lisilotokea. Akishika wastani peke yake, amplifaya itazidiwa kila mara, na ikizidiwa haumii mmoja. Wimbi likikatwa kichwa huzaa masafa mapya yanayomwagikia chaneli za jirani, na aliyekuwa akinong'ona anaharibiwa simu na aliyekuwa akifoka.

Mwaka 1939 B. D. Holbrook na J. T. Dixon wa maabara za Bell walichapisha jibu lao katika jarida la Bell System Technical Journal. Hawakuanza na fomula. Walianza na watu: wangapi huwa wanaongea saa ya pilikapilika, sauti zao zinatofautianaje kwa ukubwa, na katika mazungumzo ya kawaida kila upande hunyamaza kwa kiasi gani. Kisha wakaunganisha hayo yote kwa hesabu za uwezekano. Walichokiona ni kwamba chaneli zikiongezeka, jumla ya sauti inazidi kufanana na kelele, na akiba ya nguvu anayohitaji kila mzungumzaji inapungua. Wengi hufidiana: mmoja anapopanda, mwingine anashuka. Baadaye kanuni za kimataifa zilimpa kila mzungumzaji wastani wa mikrowati 32 hivi katika mifumo ya chaneli 240 na kuendelea. Kwa hesabu hiyo, chaneli 960 zinabebwa na wastani wa miliwati 30 tu. Mafundi wakafika mahali pa kuwaondoa wazungumzaji kabisa wakati wa kupima mitambo: waliingiza kelele nyeupe, yaani iliyotandazwa sawa katika masafa yote, badala yao, wakaacha pengo jembamba katika masafa, kisha wakasikiliza ndani ya pengo hilo ni uchafu kiasi gani umevujia humo.

Ufundi huu wa kukadiria kilele cha kelele nauheshimu kuliko mwingine wowote katika saketi za analojia. Unaanza na swali lisilo na jibu, unalifanyia kazi kwa subira mpaka linageuka kuwa swali lenye jibu, na haudanganyi popote njiani.

Swali halina jibu kwa sababu kelele ya kweli haina kilele. Hata rezista iliyokaa mezani bila kuunganishwa na chochote ina volti ndogo zinazorukaruka kati ya ncha zake, kutokana na joto lake lenyewe. John B. Johnson aliipima kelele hiyo na Harry Nyquist akaieleza kwa hesabu, na maandishi yao wote wawili yalitoka mwaka 1928. Mgawanyo wa volti hizo ni ule wa Gauss: karibu na sifuri zipo nyingi, mbali na sifuri ni chache, na hakuna mahali ambapo hesabu inasema "mwisho hapa". Kinachojulikana ni sigma, yaani thamani ya RMS ambayo mita nzuri inaweza kuisoma. Kelele huvuka sigma 3 kwa asilimia 0.27 ya muda wote. Huvuka sigma 4 kwa asilimia 0.0063. Sigma 5 huvukwa kwa muda usiofika sehemu moja katika milioni. Namba zinashuka kwa kasi ya ajabu, lakini hazifiki sifuri.

Kwa hiyo mtu akiuliza "volti kubwa kabisa itakuwa ngapi?", fundi mwaminifu hana la kumjibu. Anachoweza ni kumrudishia swali: je, utavumilia kuzidiwa mara moja kwa muda gani? Anayejenga daraja juu ya mto wa msimu hufanya vivyo hivyo. Haulizi maji ya mto yatapanda mpaka wapi tangu leo hadi mwisho wa dunia. Anauliza mafuriko ya namna ile huja mara moja katika miaka mingapi, kisha anapanga kimo cha daraja.

Aliyeipa elektroniki uwezo wa kujibu swali hilo ni S. O. Rice, naye pia wa maabara za Bell, katika maandishi marefu aliyoyatoa kati ya 1944 na 1945. Rice alionyesha kwamba idadi ya mara ambazo kelele inavuka kimo fulani kwa sekunde inategemea mambo mawili tu. La kwanza ni kimo chenyewe kikihesabiwa kwa sigma. La pili ni kasi ya kelele, yaani mara ngapi kwa sekunde inavuka sifuri ikipanda. Kasi hiyo hupatikana kwa kuangalia nguvu ya kelele imetawanyikaje katika masafa. Ukishazijua mbili hizo, kilichobaki ni mstari mmoja wa hesabu. Hesabu za Rice hazikuishia kwenye waya. Mwaka 1952 Michael Longuet-Higgins alitumia fikra za aina hiyohiyo kueleza urefu wa mawimbi ya bahari, maana bahari iliyochafuka nayo ni jumla ya mawimbi mengi yasiyopatana.

Tuchukue kichujio cha kawaida cha daraja la pili kinachopitisha masafa ya chini, chenye masafa asilia ya kilohezi 1. Kikilishwa kelele nyeupe, tokeo lake huvuka sifuri likipanda mara 1,000 kwa sekunde. Namba hiyo haibadiliki kichujio kiwe kikali au kiwe butu, na kila nikikutana nayo hunifurahisha. Sasa tupandishe kimo, tukihesabu pande zote mbili, chanya na hasi. Sigma 4 itavukwa takriban kila sekunde moja na nusu. Sigma 5 itavukwa kila dakika mbili na ushei. Sigma 6 itavukwa kila saa tisa hivi. Sigma 7 itasubiri miezi minane.

Namba hizo zinastahili kusomwa polepole. Kutoka sigma 5 hadi sigma 6 ni desibeli 1.6 tu, tofauti ambayo sikio linaweza kuipita bila kuitambua, lakini inabadilisha tukio la kila baada ya dakika mbili kuwa tukio la kila baada ya zamu moja ya kazi. Na ukiuliza upande wa pili, kilele kinachotarajiwa kwa saa nzima ni kama sigma 5.6, kwa siku nzima sigma 6.2, na kwa mwaka mzima kinapita kidogo sigma 7. Muda umeongezeka zaidi ya mara elfu nane, kilele kimepanda desibeli mbili. Kwa hiyo ukosefu wa ukomo, uliokuwa unatisha mwanzoni, hautugharimu kitu kikubwa. Kelele haina mwisho, lakini inaendea huko kwa mwendo wa kinyonga, na fundi anayejua mwendo wake anaweza kuiachia nafasi ya kutosha bila kuogopa.

Mpaka hapa tumeangalia tokeo la kichujio peke yake. Uzuri wenyewe wa ufundi huu uko ndani, kwenye nodi ambazo hakuna anayezisikiliza.

Mwaka 1967 William Kerwin, Lawrence Huelsman na Robert Newcomb walielezea saketi ambayo mpaka leo inafahamika kwa herufi za majina yao, KHN. Ina opampu tatu: moja ya kujumlisha na mbili za kuintegreti. Kutoka humo unapata matokeo matatu kwa mpigo, la masafa ya juu, la masafa ya kati na la masafa ya chini. Kila opampu ina kikomo chake. Ikilishwa umeme wa volti 15 chanya na hasi, tuseme inaweza kufika volti 13 kila upande, na ikizidi hapo kichwa cha wimbi kinakatwa. Opampu moja ikizidiwa ndani, uharibifu unasambaa kwenye saketi yote, hata kama tokeo unalolitumia linaonekana liko chini ya kikomo.

Tuipe saketi hiyo kilohezi 1 na ukali, ule unaoitwa Q, wa 10. Mtu aliyezoea kupima kwa jenereta ya wimbi la sini ataingiza volti 1 RMS na kuyazungusha masafa polepole. Akifika kilohezi 1 ataona nodi zote tatu zimepanda mara 10 kwa pamoja. Hiyo ni volti 10 RMS, kilele zaidi ya volti 14, na vichwa vimekatwa. Ataandika kwenye daftari lake kwamba saketi haivumilii zaidi ya volti 0.92, na kwa wimbi la sini atakuwa amesema kweli.

Sasa tuondoe sini, tuingize kelele nyeupe ya volti 1 RMS iliyotandazwa hadi kilohezi 20. Mambo yanageuka. Kilele cha sini hukua sawasawa na Q, lakini RMS ya kelele hukua kwa kipeuo cha pili cha Q tu, kwa sababu mwamko wa kilohezi 1, yaani pale kichujio kinapokuza zaidi, ni mwembamba na unaokota sehemu ndogo ya nguvu iliyotawanyika. Nodi ya masafa ya chini inapata volti 0.89 RMS. Nodi ya masafa ya kati inapata namba ileile kabisa. Lakini nodi ya masafa ya juu, ile ya opampu ya kujumlisha, inapata volti 1.33. Inabeba mwamko kama wenzake, na juu yake inabeba kelele yote ya masafa ya juu ambayo wenzake wameshaichuja. Sini ilituambia nodi tatu zinalingana. Kelele inatuambia mmoja kati yao ndiye atakayekatwa kwanza, naye ni yule ambaye huenda hakuunganishwa na kitu chochote nje.

Tuongeze pembejeo hadi volti 2 RMS. Nodi za chini na kati zinakuwa na nafasi ya zaidi ya sigma 7, nazo zimestarehe. Nodi ya juu inabaki na sigma 4.9. Mwanafunzi anaweza kusema sigma 4.9 inakaribia 5, na tumeona 5 ni kila dakika mbili. Hapa ndipo subira inapolipa. Nodi ya juu ina masafa mengi ya juu, hivyo kelele yake inavuka sifuri karibu mara tisa kwa kasi zaidi ya wenzake, na kwa kimo hicho itakatwa takriban kila sekunde tisa. Sigma zinazokaribiana hazina maana ileile katika nodi mbili zenye kasi tofauti. Ukishusha pembejeo hadi volti 1.6, yaani chini ya desibeli mbili, kukatwa kunakuwa kila baada ya saa mbili hivi. Na bado volti 1.6 ni kubwa kuliko ile 0.92 ya mtu wa sini kwa karibu desibeli tano. Desibeli hizo tano ni usafi wa bure, maana kelele ya opampu zenyewe inabaki palepale huku ishara ikipanda juu yake.

Kuna kipimo cha tatu, kwa wale wasiotaka kusikia habari za uwezekano. Kinauliza hivi: kama pembejeo haiwezi kuzidi volti 1 kwa vyovyote, ni pembejeo ipi mbaya kuliko zote? Jibu hupatikana kwa kukipiga kichujio pigo moja fupi na kuangalia kinavyolia mpaka kinyamaze, kisha kutengeneza pembejeo inayobadilisha ishara ya jumlisha na kutoa kila mara ili ikubaliane na mlio huo uliogeuzwa nyuma mbele. Kwa nodi ya masafa ya chini ya kichujio chetu, pembejeo hiyo ni wimbi la mraba la kilohezi 1, nalo linafika volti 12.7, juu hata ya sini yenye kilele cha volti 1. Kipimo hiki ndicho cha kushika kama kosa moja linaua mtu au linaunguza mtambo. Kwa kelele ya kawaida ni woga uliopitiliza, kwa sababu kelele ingelazimika kujipanga iwe wimbi la mraba kwa mizunguko mingi mfululizo. Mwaka 1970 Leland Jackson aliviweka vipimo vya namna hii katika lugha moja ya hesabu, akishughulika na vichujio vya dijitali, na tangu hapo mbunifu anaweza kuchagua kipimo akijua anachagua nini.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wenye uzoefu. Mtu anaweza kujiona salama kwa kuwa pembejeo yake ina kikomo kigumu: ni mfuatano wa biti unaoruka kati ya volti 1 chanya na volti 1 hasi bila mpangilio, na kwenye osiloskopu hauzidi hapo hata mara moja. Lakini kichujio kina kumbukumbu. Kinajumlisha biti nyingi zilizopita, na jumla ya vitu vingi visivyotegemeana huelekea kwenye umbo la Gauss. Kadiri kichujio kilivyo chembamba ukilinganisha na kasi ya biti, ndivyo tokeo linavyofanana na kelele halisi, na vilele vyake vinapanda mara kadhaa juu ya RMS yake ijapokuwa pembejeo ilikuwa bapa kabisa. Mwaka 1967 wahandisi wa Hewlett-Packard waliokuwa South Queensferry, Scotland, waliugeuza mtego huo kuwa chombo. Jenereta yao ya kelele, modeli 3722A, ilizalisha biti kwa rejista ya kusogeza, ikazipitisha kwenye kichujio, na nje ikatoka kelele ya Gauss inayoweza kurudiwa ileile kila inapohitajika. Onyo ni hilohilo kwa mtu anayekata vilele vya kelele kabla ya kichujio akidhani amemaliza kazi. Kichujio kitavikuza upya.

Baada ya kukadiria, mbunifu anarudi kwenye saketi na kuigawa upya. Hubadilisha uwiano wa rezista na kapasita ili kila integreta iwe na RMS iliyo sawa na nyingine, pasiwe na opampu inayohema huku mwenzake amelala. Tokeo la mwisho halibadiliki, ila njia ya ndani inasawazishwa. Katika kichujio cha daraja la nane au la kumi, kuikisia kazi hii kwa jicho haiwezekani. Mwaka 1986 Martin Snelgrove na Adel Sedra walionyesha namna ya kukitazama kichujio chote kupitia njia zake mbili za ndani: ile ya kutoka pembejeo hadi kila integreta, inayoonyesha ishara itakuwa kubwa kiasi gani pale, na ile ya kutoka kila integreta hadi tokeo, inayoonyesha kelele ya pale itadhuru kiasi gani. Mlinganyo mmoja wa matrisi, ule wa Lyapunov, unatoa RMS ya kila integreta kwa mkupuo. Kazi iliyokuwa ya majuma inakuwa ya dakika. Hata hivyo uamuzi wa sigma ngapi unabaki mikononi mwa mtu, na hakuna matrisi itakayomfanyia.

Ufundi huu haujaachwa makumbushoni pamoja na kebo za koaksia. Usiku wa 31 Desemba 2012 Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia ya runinga kule Dar es Salaam, majumbani viliingia ving'amuzi vya dijitali. Ishara ya mfumo wa DVB-T ni jumla ya mawimbi madogo 6,817 katika muundo wake mkubwa, mengi yake yakibeba biti. Ukiiangalia jumla yake kwenye osiloskopu huwezi kuitofautisha na kelele. Simu za 4G nazo zinatumia fikra hiyohiyo. Ndani ya kila kifaa cha namna hiyo, kabla ishara haijafika kwenye dijitali, kuna vichujio vya analojia vinavyopokea wimbi lisilo na kilele, na mtu fulani alikaa akaamua liachiwe nafasi kiasi gani. Akiacha ndogo, picha itaganda. Akiacha kubwa mno, ishara dhaifu ya mtaa wa mbali itazama kwenye kelele ya saketi. Wale wazungumzaji 240 wa mwaka 1936 wamegeuka mawimbi 6,817, na hesabu ya kuwahudumia ni ileile.

Ndiyo maana nikisoma karatasi ya muundo wa kichujio, natafuta kwanza jinsi mwandishi alivyoandika kiwango cha juu cha ishara. Namba ya volti peke yake hainiambii kitu. Kadirio lililokamilika linataja volti, linataja nodi, linataja pembejeo iliyofikiriwa, na linataja kila baada ya muda gani kimo hicho kitavukwa. Aliyeandika yote manne amekubali kwamba siku moja atazidiwa, amechagua iwe mara ngapi, na amemwachia atakayekuja baada yake uwezo wa kuchagua tofauti. Fundi anayejifunza kazi hii leo naomba aanze na hilo la nne, maana ndilo linaloachwa mara nyingi, na ndilo lenye ukweli wote wa jambo lenyewe.